Favre au Rodgers: mkongwe aliyetundika daluga akibisha hodi, umfungulie?

Kiangazi cha 2008 kimepita zamani, lakini mashabiki wa Green Bay Packers, timu ya futiboli ya Marekani, bado hawajapatana. Wapo wanaosema klabu ilimtupa mtu aliyeibeba misimu 16. Wapo wanaosema Brett Favre, kwotabeki wao, yaani mrushaji wa pasi, aliaga kwa hiari yake, akalia mbele ya kamera, halafu akataka kila mtu ajifanye hakuona. Ubishi huo ni mtamu lakini hauishi, maana kila upande unauliza nani alimkosea nani. Hapa nalinganisha kitu kingine: siku mzee aliposema anarudi, timu ilikuwa na nani kwenye benchi? Na zile timu nyingine zilizomfungulia mlango baadaye, zenyewe zilikuwa na nani?

Kwa aliyezoea soka letu, jambo moja liwekwe wazi mapema. Kikosi cha NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, kina wachezaji 53, lakini kwotabeki anayecheza ni mmoja tu. Karibu kila shambulizi linaanzia mikononi mwake. Huwezi kumwingiza mkongwe dakika 20 za mwisho ili jukwaa lipige makofi, wala kumpanga na kinda wakasaidiana kazi. Hata mazoezini, zamu nyingi za kufanya kazi na kikosi cha kwanza ni za huyo mmoja. Ukimpa huyu namba, umemnyima yule msimu mzima.

Mambo yalivyokwenda

Mechi ya mwisho ya Favre akiwa Green Bay ilikuwa 20 Januari 2008, uwanja wa Lambeau, baridi ya nyuzi kama 18 chini ya sifuri. Mshindi angekwenda Super Bowl, fainali ya ligi. Ikafika muda wa nyongeza, Favre akarusha pasi, Corey Webster wa New York Giants akainasa. Dakika chache baadaye Lawrence Tynes akapiga mpira wa yadi 47 ukapita katikati ya milingoti, 23-20, msimu ukaisha. Packers walikuwa wameshinda mechi 13 na kupoteza 3 tu katika msimu wa kawaida, na Favre, akiwa na miaka 38, alikuwa amerusha pasi za jumla ya yadi 4,155. Hakuna aliyeweza kusema amechoka.

Tarehe 4 Machi ikatangazwa kwamba anastaafu. Siku mbili baadaye akaketi mbele ya waandishi huku machozi yakimtoka, akasema anajua bado anaweza kucheza, ila hadhani kama anataka. Kauli hiyo ingefaa kuwashtua viongozi wa klabu siku ileile. Anayeaga kwa kusema nguvu anazo, kilichopungua ni hamu, hamu inaweza kumrudia kabla nyasi hazijaota.

Ikamrudia. Julai akaomba klabu imwachie huru aende anakotaka. Packers wakakataa, na sababu ilikuwa wazi: walijua anakotaka ni Minnesota Vikings, wapinzani wao wa kundi moja la kaskazini wanaokutana nao mara mbili kila msimu. Fikiria nahodha wa Simba aliyeagwa kwa machozi Machi, kisha Julai anaomba barua ya kumruhusu asaini Yanga. Packers wakawashitaki Vikings kwa ligi wakidai wamezungumza na mchezaji wao kinyume cha kanuni. Ligi ikachunguza na haikuona kosa. Ikaripotiwa pia kwamba klabu ilikuwa tayari kumpa zaidi ya dola milioni 20 kwa miaka 10 awe balozi wake, yaani alipwe akae nyumbani. Favre hakutaka.

Mwanzoni mwa Agosti kamishna Roger Goodell akamrudisha rasmi kwenye orodha ya wachezaji. Favre akatua Green Bay, akakaa na kocha Mike McCarthy wakazungumza kwa muda wa karibu saa sita. Kilichotoka ndani ya chumba kile ni kwamba hawaendi pamoja. Usiku wa 6 Agosti akauzwa New York Jets, na Packers wakaweka sharti la kuonyesha hofu yao ilipolala: Jets wakimpeleka Vikings, watailipa Green Bay chaguo tatu za raundi ya kwanza za drafti, ule mgawo wa kila mwaka wa wachezaji wanaotoka vyuoni. Hiyo ni adhabu ya kufilisi klabu.

Julai 2008: wawili kwenye mizani

Tuwe waadilifu, tupime kwa yaliyojulikana siku ile, tusitumie ya baadaye.

Favre alikuwa na kila kitu ambacho kabati la makombe linaweza kubeba. Mchezaji Bora wa Ligi mara tatu mfululizo, 1995 hadi 1997, ya tatu akigawana na Barry Sanders. Super Bowl moja, ile ya Januari 1997 dhidi ya New England. Tangu 27 Septemba 1992 hakukosa kuanza hata mechi moja ya Packers, 253 za msimu wa kawaida. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba alishikilia rekodi ya pasi nyingi zaidi za tachidauni, yaani bao kuu la mchezo huu, na pia rekodi ya pasi nyingi zaidi zilizonaswa na wapinzani. Hizo mbili zilitoka kwenye tabia moja: aliamini mkono wake ungepenyeza mpira palipo na mabeki watatu. Mara nyingi ulipenyeza.

Aaron Rodgers alikuwa na miaka 24. Alichaguliwa wa 24 kwenye drafti ya 2005 kutoka chuo cha Berkeley, akakaa benchi misimu mitatu, na katika misimu hiyo yote alikuwa amerusha pasi 59. Wengine hurusha idadi hiyo kwa mechi mbili. Mwaka 2006 alivunjika mguu katika moja ya nafasi chache alizopata. Kitu pekee cha kuonyesha kilikuwa usiku mmoja wa Dallas, 29 Novemba 2007, Favre alipoumia naye akaingia: pasi 18 zilizofika kati ya 26, yadi 201, tachidauni moja. Packers walifungwa, ila waliokuwa wakitazama kwa makini waliona kijana hatetemeki.

Kwa karatasi hiyo tu, mimi ningemchukua Favre. Nadhani wengi wangefanya hivyo, na wanaojidai leo kwamba walijua Rodgers atakuwa nani wanajisifu bure. Meneja mkuu Ted Thompson hakuwa na karatasi hiyo peke yake. Alikuwa ameona mazoezi ya miaka mitatu. Alijua mkataba wa kwanza wa kijana unaelekea ukingoni, na kwamba kumrudisha benchi mwaka wa nne baada ya kumwambia hadharani "namba ni yako" ni kumpoteza. Alijua pia kwamba mzee aliyebadili mawazo Machi na Julai anaweza kuyabadili tena Februari. Kwa hiyo Green Bay haikuwa ikichagua kati ya Favre na Rodgers. Ilikuwa ikichagua kati ya Favre wa mwaka mmoja, labda miwili, na Rodgers wa miaka kumi. Hapo mizani inabadilika kabisa.

Msimu wa 2008 ulivyosoma

Hapa lazima niingize mtu wa tatu, ambaye mjadala huu humsahau daima: Chad Pennington. Jets walipomleta Favre, walimwacha Pennington aliyekuwa kwotabeki wao, kwa kuwa bega lake lilikuwa limeshafanyiwa upasuaji na mkono wake haukuwa na nguvu. Miami Dolphins wakamwokota siku hizohizo.

| 2008 | Yadi | Tachidauni | Pasi zilizonaswa | Timu (ushindi-kupoteza) |
|---|---|---|---|---|
| Favre, Jets | 3,472 | 22 | 22 | 9-7 |
| Rodgers, Packers | 4,038 | 28 | 13 | 6-10 |
| Pennington, Dolphins | 3,653 | 19 | 7 | 11-5 |

Safu ya mwisho ndiyo waliyoishika wafuasi wa Favre wa Wisconsin, jimbo la Packers, majira yale: kijana kashinda sita tu, mzee tisa, klabu imejikata mguu. Safu nyingine hawakuzisoma. Kinda wa msimu wa kwanza alikuwa amempita mkongwe yadi, tachidauni na usalama wa mpira, na mechi nyingi walizopoteza Packers zilikuwa za tofauti ndogo. Klabu yenyewe haikusubiri msimu uishe. Ilimwongezea Rodgers mkataba mrefu Oktoba hiyohiyo.

Kule New York mambo yalianza kama ndoto. Jets waliotoka msimu wa ushindi mara nne tu wakafika 8-3, wakiwa wamewafunga Tennessee waliokuwa hawajapoteza hata mechi. Kisha mkono wa Favre ukaumia, naye hakuwa mtu wa kukubali kukaa nje. Jets wakapoteza nne kati ya tano za mwisho. Mechi ya mwisho kabisa, nyumbani kwao, aliyewafunga na kuchukua ubingwa wa kundi lao alikuwa nani? Pennington, na jezi ya Miami. Kocha Eric Mangini akafukuzwa. Mwaka uliofuata ligi ikaitoza klabu faini kwa kutotangaza jeraha la Favre kama kanuni zinavyotaka. Februari 2009 Favre akastaafu mara ya pili.

Ukitaka mfano wa jinsi ya kukosea kumpokea mkongwe, usiende mbali na huu. Jets hawakukosea kwa sababu Favre alikuwa mbaya. Walikosea kwa kuwa waliyemwondoa alikuwa mzima kuliko walivyodhani, na kwa kuwa hawakuwa na mpango wa siku ambayo mkono wa mtu wa miaka 39 ungegoma.

Minnesota, ambako alikuwa sahihi

Sasa wasomaji wetu walioko Minneapolis na vitongoji vyake, na ni wengi, watasema nimempiga mzee vya kutosha. Sawa, zamu yao imefika.

Baada ya Jets kumwachia, Favre akasaini Vikings 18 Agosti 2009, kambi ya mazoezi ikiwa karibu imekwisha. Kocha Brad Childress alikwenda mwenyewe uwanja wa ndege wa St. Paul kumpokea, akamweka garini mwake, helikopta za televisheni zikiwafuata kutoka juu kana kwamba ni msafara wa rais. Watu wakacheka. Wakaacha kucheka Oktoba.

Angalia Vikings walikuwa na nini. Mwaka 2008 walishinda mechi 10 na ubingwa wa kundi. Walikuwa na Adrian Peterson, mkimbiaji aliyeongoza ligi nzima kwa yadi 1,760. Ukuta wao wa ulinzi ulikuwa na Jared Allen. Kwenye nafasi ya kwotabeki walikuwa na Tarvaris Jackson na Sage Rosenfels, na hakuna aliyeamini kwamba mmoja wao angekuwa nyota baadaye. Yaani kila chumba cha nyumba kilikuwa na samani isipokuwa kimoja, na wa kukijaza hakuwepo ndani. Hapo mkongwe wa miaka 39 humkwamishi mtu kwa kumpa namba.

Favre akacheza msimu wake safi kuliko yote: yadi 4,202, tachidauni 33, pasi 7 tu zilizonaswa, Vikings 12-4. Akatimiza miaka 40 katikati ya msimu huo. Alikutana na Packers mara mbili na kushinda zote, 30-23 na 38-26, ya pili Lambeau, akirusha tachidauni nne mbele ya watu waliokuwa wakimzomea kwa koo lote. Rodgers msimu huohuo alikuwa na yadi 4,434, tachidauni 30 na pasi 7 zilizonaswa, akiwa nyuma ya safu ya kumkinga iliyomwacha aangushwe mara 50. Kwa hiyo hata mwaka bora wa mkongwe, kijana alikuwa sawa naye. Hilo ndilo jibu langu kwa wanaosema Green Bay ilipoteza 2009.

Kisha ikaja 24 Januari 2010, New Orleans, mechi ya kuamua nani anakwenda Super Bowl. Ni 28-28, zimebaki sekunde chache, Vikings wapo karibu na eneo ambalo mpigaji wao angejaribu kufunga. Wanatoka kwenye mazungumzo ya mbinu wakiwa 12 badala ya 11, wanarudishwa nyuma yadi tano. Favre, kifundo cha mguu kimevimba baada ya kipigo cha jioni nzima, anakimbilia kulia. Mbele yake kuna nafasi ya kujipatia yadi chache kwa miguu. Yeye anageuza mkono, anarusha kukatiza uwanja kuelekea katikati. Tracy Porter anainasa. Saints wakashinda 31-28 kwenye muda wa nyongeza na kikosi cha Childress hakikurudi tena hapo.

Pasi ile ni ndugu wa damu wa ile ya Webster. Ukimnunua Favre unanunua na hiyo. Siyo lawama, ni sehemu ya bei.

Na 2010, ambako walizidisha

Agosti 2010 wachezaji watatu wa Vikings, Allen, Steve Hutchinson na Ryan Longwell, walipanda ndege hadi nyumbani kwake Mississippi kumbembeleza arudi. Wachezaji wakifikia kutumwa kwenda kumshawishi mwenzao aje kazini, kiongozi ameshapata jibu lake. Matokeo: tachidauni 11, pasi 19 zilizonaswa, Vikings 6-10, Childress akafukuzwa Novemba. Desemba, baada ya paa la uwanja wa Metrodome kuporomoka kwa theluji na mechi kuhamishiwa Detroit, Favre hakuweza kuanza. Mfululizo wake ukaishia mechi 297. Wiki chache baadaye, Februari 2011, Rodgers akaifunga Pittsburgh 31-25 kwenye Super Bowl na kuchaguliwa mchezaji bora wa mechi.

Timu ileile, mtu yuleyule, miezi 12 tofauti. Mara ya kwanza Vikings walijaza pengo. Mara ya pili walikimbia kazi ya kutafuta mrithi.

Brady, kwa haraka

Watu hupenda kumweka Tom Brady, kwotabeki mkongwe wa Tampa Bay Buccaneers, kwenye mjadala huu, lakini wake haukuwa na utata mkubwa. Alitangaza kustaafu 1 Februari 2022, akarudi baada ya siku 40, kabla timu haijapanga lolote la maana bila yeye. Tampa Bay haikuwa na Rodgers wake anayesubiri. Wakamaliza 8-9, bado wakachukua kundi lao dhaifu, wakafungwa na Dallas 31-14 na mzee akaondoka kweli. Hasara ilikuwa msimu mmoja wa kusuasua. Tofauti kati ya Machi na Julai ni kubwa kuliko inavyoonekana: anayerudi Machi anakuta drafti haijafanyika na mazoezi hayajaanza, anayerudi Julai anakuta nyumba ina mpangaji.

Basi uchague nani

Kama unachagua upande wa kubishania, ushauri wangu ni huu: mtetee Favre kwa hoja kwamba bado aliweza kucheza, maana 2009 ilithibitisha hivyo, na uitetee Packers kwa hoja kwamba haikuwa na wajibu wa kumpa namba. Yote mawili ni kweli. Kinachoshindikana kutetea ni madai yake kwamba alipaswa kuachwa huru aende Minnesota. Mkataba ulikuwa wa klabu, na hakuna klabu inayompa jirani silaha bure.

Kama wewe ndiye mwenye timu, anza na benchi kabla ya kumtazama mkongwe. Una kinda uliyemwona mazoezini miaka miwili au mitatu na makocha wote wanamwamini? Mwache mzee aende, hata akishinda kwingine mwaka wa kwanza, hata mashabiki wakichoma jezi. Huna mtu, na vyumba vingine vyote vimejaa? Mfungulie, msimu mmoja, na siku unayosaini naye anza kumtafuta mrithi. Una mtu wa wastani anayeshinda bila makelele? Hapo ndipo nawaogopea watu zaidi, kwa sababu jina kubwa linapofusha na Pennington hana wa kumsemea.

Green Bay wenyewe walirudia mtihani. Mwaka 2020 walimchagua Jordan Love raundi ya kwanza wakati Rodgers bado anatamba. Akawajibu kwa kuwa Mchezaji Bora wa Ligi mwaka huo na uliofuata, nao wakavumilia. Mwanzoni mwa 2023 Rodgers akawa anayumba kati ya kustaafu na kuendelea, klabu ikaamua zamu ya Love imefika, na Aprili mzee akauzwa kwa Jets walewale. Alicheza mashambulizi manne kabla kano ya kisigino haijakatika. Love alirusha tachidauni 32 msimu huo na kuifunga Dallas kwao 48-32 kwenye mchujo.

Kuhusu hofu kwamba mashabiki hawatasamehe, usiipe uzito mkubwa. Waliokuwa wakimzomea Favre 2009 walijaza Lambeau Julai 2015 kushuhudia jezi yake namba 4 ikistaafishwa.